Hesabu Kilo Kabla ya Kunyanyua Gari: Mwongozo kwa Madereva wa Juba

Kila mwaka, mvua za Aprili zikianza kunukia, watu wa Juba hunijia na swali lile lile: "Gari langu nilinyanyue inchi ngapi?" Huuliza mwenye Prado, huuliza dereva wa hadtopu ya shirika, huuliza mfanyabiashara wa soko la Konyo Konyo ambaye pikapu yake hupeleka bidhaa Torit. Nami huwauliza: kwa kawaida unabeba kilo ngapi?

Wengi hunyamaza hapo. Wamewaza urefu, hawajawaza uzito. Kumbe springi huchaguliwa kwa kilo, shokapu huchaguliwa kwa springi na barabara, na urefu hujileta wenyewe mwishoni. Ukianza na urefu utanunua mara mbili. Hapa kwetu hilo ni pigo, maana vipuri huuzwa kwa dola, na vingi vimeshuka Mombasa, vikakatiza Uganda nzima, vikavuka mpaka wa Elegu na Nimule ndipo vikafika mkononi mwako.

Unakwenda wapi?

Kama safari zako ni mjini na barabara ya Nimule, usinyanyue chochote. Kilomita zile 192 zina lami tangu 2012, na mashimo ya Gudele na Munuki hayahitaji zaidi ya springi nzima na shokapu nzima za kiwango cha kiwandani. Gari refu kwenye lami ya mwendo kasi huyumba zaidi kwenye kona, na dereva akilikwepa ghafla lori lililoharibika njiani, gari hupinduka kwa urahisi zaidi. Sitaki ulipie hatari usiyoihitaji.

Ukienda Yei, Mundri au Torit, utakutana na udongo mwekundu, maramu, mawe yaliyochomoza na mikondo ya maji inayokata njia. Kiangazi barabara hizo hujikunja kama bati, mkunjo baada ya mkunjo kwa makumi ya kilomita. Huko kinachoumia ni shokapu, bushi na kila nati iliyofungwa kwa haraka.

Ukienda kaskazini, kuingia Jonglei na kupita Bor, ni nchi nyingine kabisa. Tambarare ile ni udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kuvimba ukinyeshewa. Malori yakipita humo huchimba mifereji miwili mirefu na kuacha mgongo wa tope katikati. Tope likikauka, mgongo ule huwa mgumu kama tofali.

Kabla ya kuondoka tazama ramani za hali ya barabara za Logistics Cluster, kundi la usafirishaji linaloongozwa na WFP. Huonyesha njia zipi zinapitika na zipi zimefungwa na maji, na njia iliyofungwa haifunguki kwa sababu gari lako limeongezwa inchi mbili.

Jambo ambalo kunyanyua hakulifanyi

Hapa naomba usome taratibu, maana ndipo pesa nyingi hupotea.

Land Cruiser ya familia ya 70, iwe hadtopu ya HZJ78 au pikapu ya HZJ79, ina ekseli nzima mbele na nyuma. Difu imo ndani ya ekseli hiyo, na ekseli imeshikwa na magurudumu. Ukiweka springi ndefu, unainua chesisi, bodi, tangi na ngazi za pembeni. Difu inabaki pale pale ilipokuwa. Nyanyua gari inchi mbili, nyanyua inchi nne, mgongo wa tope wa Jonglei utaigusa difu ile ile kwa kimo kile kile.

Kitu pekee kinachoinua difu ni tairi lenye kipenyo kikubwa zaidi, na hata hilo hutoa nusu tu ya nyongeza yake. Ukitoka tairi la 265/75R16 kwenda 285/75R16, kipenyo kinaongezeka milimita 30, kwa hiyo difu inapanda milimita 15. Ni upana wa kidole. Wakati huohuo mshale wa spidi unaanza kukudanganya: ukisoma 80, unakwenda kama 83.

Kwa nini basi watu hunyanyua? Kwa sababu tatu za kweli. Kwanza, gari lenye mzigo wa kudumu hukaa chini, na springi sahihi hulirudisha mahali pake. Pili, tairi kubwa linahitaji nafasi ndani ya tao la bodi. Tatu, pua na mkia wa gari hupata pembe nzuri ya kuingia na kutoka korongoni bila bampa kulima ardhi. Kama sababu yako haimo kati ya hizi, weka pesa zako kwenye tairi zenye meno ya matope.

Kabla hata ya tairi, jaribu hewa. Kwenye tope, kushusha kutoka PSI 40 hadi 20 hutandaza tairi na mara nyingi hukutoa bila kusukumwa. Beba pampu ya kujazia tena ukifika pakavu. Ila jihadhari: rimu za vipande zenye tairi la 7.50R16 na tyubu ndani hazipendi hewa kidogo, kwa sababu tairi huteleza juu ya rimu na kung'oa valvu ya tyubu. Rimu hizo zina heshima yake bado, kwani pancha yake huzibwa popote penye viraka na vyuma viwili vya kubandulia tairi. Nisingeziacha kwa ajili ya sura.

Hesabu ya kilo

Chukua karatasi, igawe safu mbili. Safu ya kwanza andika uzito usioshuka garini kamwe, ya pili uzito unaopanda na kushuka.

Safu ya kwanza: bampa la chuma mbele na winchi, ambavyo kwa pamoja huweza kufika kilo 100. Keria ya juu. Redio ya masafa marefu na antena yake. Tairi la pili la akiba na rimu yake. Betri ya pili, boksi la spana, jeki ndefu. Ukiyajumlisha utashangaa, na angalia pia yamekaa wapi, kwa sababu bampa na winchi huzilemea springi za mbele peke yake.

Safu ya pili: mafuta, maji, watu, mzigo. Hadtopu yenye matangi mawili ya lita 90 ikijaa imebeba dizeli ya kilo 150 hivi. Madumu mawili ya maji ni kilo 40. Watu kumi kwenye mabenchi ya nyuma, hata wakiwa wembamba, ni kilo 600 na zaidi.

Watengenezaji huuza springi zao kwa madaraja ya uzito wa ziada: bila mzigo, mzigo wa kati, mzigo mzito. Daraja lako hutoka safu ya kwanza pamoja na ile sehemu ya safu ya pili unayokuwa nayo karibu kila siku. Halitoki kwenye ile safari moja ya mwaka uliyopakia mpaka juu. Tena chagua mbele na nyuma mbali mbali. Gari lenye winchi mbele na mkia mtupu linahitaji springi nzito mbele na za kawaida nyuma, na duka likikuambia seti ni moja tu, tafuta duka jingine.

Nimelijifunza hili kwa uchungu. Niliwahi kushauri hadtopu ya kubeba wagonjwa ifungwe springi ngumu kuliko zote zilizokuwapo, kwa kuwa njia yake ilikuwa mbaya. Sikuuliza inabeba nini. Siku nyingi ilikwenda na dereva, muuguzi na mgonjwa mmoja. Springi za kilo mia sita chini ya gari tupu hazikunjiki: kila mkunjo wa barabara ulipanda moja kwa moja hadi kwenye machela. Mama mjamzito alisafirishwa hivyo saa nyingi, na muuguzi aliponieleza jinsi alivyomshika mabega njia nzima ili asirushwe, nilienda kuzing'oa springi zile mwenyewe. Gari la wagonjwa lifungwe springi laini na lisinyanyuliwe. Kila inchi unayoongeza ni inchi ambayo mzee au mwenye uchungu wa uzazi atapandishwa.

Kabla ya kununua pia pima gari lako lilivyo leo. Liegeshe pakavu na sawa, pima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa tao la bodi, pembe zote nne, uandike. Springi zilizotumika miaka mingi hulala taratibu bila mwenye gari kutambua. Linganisha na gari la aina hiyo hiyo lenye springi mpya. Nimeona wenye magari waliotaka kunyanyua inchi mbili, kumbe springi mpya za kiwandani zingewarudishia karibu zote.

Kila gari na mwili wake

Hadtopu na pikapu za zamani, zile za HZJ75 zilizotengenezwa kabla ya 1999, zina springi za bamba pande zote nne. Tangu 1999 mbele pamekuwa na koili, nyuma bamba zimebaki. Chungulia chini kabla ya kuagiza, kwa sababu wauzaji wengi husema "Land Cruiser" tu.

Kwa springi za bamba, mafundi wengi wana njia ya mkato: wanachomeka bamba la ziada lililotolewa kwenye lori. Gari hupanda kweli, lakini bamba la lori halipindi kwa kasi moja na wenzake, hivyo linafanya kazi yote peke yake au linawazuia wengine. Huvunjika, au huvunja lingine. Njia ya pili ni kuweka kipande cha chuma kati ya ekseli na springi. Nyuma, kwa milimita chache, gari litaenda. Mbele kamwe, maana nguvu ya breki hukisokota kipande hicho, na kikichomoka ukiwa kwenye mwendo huna usukani tena. Na bamba lililokatika usilichomelee. Moto wa kuchomelea hulainisha chuma cha springi pale pale ulipopita, na safari inayofuata litakatika kando ya kovu.

Nunua springi zenye pini na shakeli za kupigwa grisi. Vumbi la Yei na tope la Bor hula pini kavu katika msimu mmoja. Ukiwa na nipeli na pampu ya grisi, kila ukirudi safari unasukuma grisi chafu itoke mpaka safi ionekane.

Prado na Hilux za miaka ya karibuni ni habari nyingine. Mbele hazina ekseli nzima, kila gurudumu linajitegemea, na ukizinyanyua unavuta mikono ya sespensheni kuelekea chini na kukunja shafti za mbele kwa pembe kali. Milimita 40 hadi 50 ndiyo mwisho ninaoukubali. Zaidi ya hapo mipira ya shafti hupasuka, grisi humwagika, mchanga huingia na jointi hufa. Epuka vipande vya kuongezea urefu vinavyofungwa juu ya shokapu ya mbele. Ni rahisi kwa bei, lakini haviongezi nguvu ya kubeba hata kilo moja. Vinaisukuma tu springi ile ile iliyochoka. Na ukiwa na Prado ya kifahari yenye mifuko ya hewa nyuma, tafuta vipuri vilivyotengenezwa kwa mfumo huo hasa.

Na usichanganye Hilux na HZJ79: hizo ni gari mbili tofauti kabisa, ingawa zote ni pikapu. Usimwache muuzaji akupe kipuri cha moja kwa ajili ya nyingine.

Shokapu

Springi hubeba, shokapu hutuliza. Kazi yake ni kugeuza mtikisiko kuwa joto, na kwenye barabara ya bati joto hilo ni jingi mno. Mafuta ya ndani yakichemka hutoa povu, na povu halizuii kitu. Dereva atakuambia gari lilikuwa zuri asubuhi, likaanza kuelea mchana. Simama, sogeza kiganja karibu na shokapu bila kuigusa: inayofanya kazi ina joto. Ikiwa tatu ni za moto na moja ni baridi, hiyo ya baridi imekufa.

Kuna shokapu za bomba moja na za mabomba mawili. Za bomba moja hupoa vizuri, lakini jiwe likirushwa na tairi na kulibonyeza bomba, pistoni hukwama hapo hapo. Za mabomba mawili zina ganda la nje linalopokea pigo, na la ndani huendelea kufanya kazi. Kwa maramu ya kwetu nachagua mabomba mawili yenye mwili mnene, nayakubali mapungufu yake.

Urefu wa shokapu uendane na springi. Ikiwa fupi, gurudumu likining'inia juu ya shimo, shokapu ndiyo inayozuia ekseli isianguke, na masikio yake hung'oka. Ikiwa ndefu, hugonga ndani kabla stopa ya mpira haijagusa chesisi. Ndiyo maana nashauri springi na shokapu za mtengenezaji mmoja. Old Man Emu, Ironman, Tough Dog na Dobinsons, majina utakayoyasikia Nairobi na Kampala, yote ni ya Australia, nchi yenye maelfu ya kilomita za barabara za bati na Land Cruiser kama zetu. Uzoefu huo umo ndani ya bidhaa zao. Linganisha namba ya kipuri kwenye boksi, kwenye mwili wa shokapu na kwenye orodha ya gari lako. Shokapu ya gesi ukiibonyeza na kuiachia hurudi yenyewe. Ikibaki chini, mrudishie muuzaji.

Siku ya kufunga

Mwambie fundi mapema kwamba yubolti za zamani hazirudi. Zikishakazwa huvutika, na zikikazwa mara ya pili hazishiki vile vile. Nati za bushi zikazwe mwisho, gari likiwa limeshushwa na kusimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, mpira wa bushi huanza maisha yake umesokotwa na hukatika mapema.

Kisha angalia mambo manne, na usiondoke gereji kabla hujayaona kwa macho yako. Mipira ya breki iwe na ulegevu hata gurudumu likining'inia mwisho. Propela shafti isigonge wala kutetema. Usukani urudi wenyewe baada ya kona: kwenye Land Cruiser ya koili mbele, kunyanyua huinamisha ekseli, na gari huanza kutangatanga barabarani mpaka ziwekwe bushi maalumu za kurekebisha pembe hiyo.

La nne husahauliwa na karibu kila mtu. Magari mengi ya aina hii yana valvu ya breki za nyuma iliyoungwa na ekseli kwa fito. Mzigo ukilisukuma gari chini, fito husogea na valvu huongeza breki ya nyuma. Ukinyanyua gari, valvu hudhani gari ni tupu siku zote, hata likiwa na watu kumi. Breki za nyuma hulala, za mbele zinabeba kazi yote. Fito hiyo lazima irekebishwe kwa kiasi kile kile gari lilichopanda.

Na kwa kuwa utavuka maji, ongeza urefu wa mpira wa kupumulia wa difu ili upandishwe mpaka ndani ya chumba cha injini. Difu ya moto ikitumbukia kwenye maji baridi hunyonya maji kupitia tundu la kupumulia, na mafuta yake hugeuka rangi ya chai ya maziwa.

Pima tena pembe nne, linganisha na karatasi yako. Baada ya kilomita 500 rudi ukaze kila kitu, yubolti kwanza.

Limebaki jambo la taa. Sudan Kusini tunaendesha upande wa kulia, lakini magari mengi yametoka Kenya na Uganda, na taa zake fupi zimeundwa kumulika zaidi ukingo wa kushoto. Hapa kushoto ndiko anakotokea mwenzako. Ukilinyanyua gari hilo unamwelekeza mwanga machoni. Liegeshe mita 10 kutoka ukutani, usiku, likiwa na mzigo wake wa kila siku, uwashe taa fupi. Ukingo wa juu wa mwanga uwe kama sentimita 10 chini ya kimo cha taa zenyewe. Shusha skrubu mpaka ufike hapo. Kisha tafuta kile kipembe cha mwanga kinachopanda kushoto na ukizibe kwa mkanda mweusi kwenye kioo cha taa. Kisha ingia barabara ya Nimule baada ya machweo. Wanaokuja wakiendelea kukupigia taa ndefu, rudi ukutani ushushe tena kidogo.